Barua Iliyosomwa Migombani

Tangu nirudi Muheza wiki iliyopita sijanywa chai yangu ikiwa moto. Kila anayepita barazani kwangu anauliza lile lile: "Mwalimu Mhina, ilikuwaje huko?" Naanza kusimulia, nikifika Morogoro anaingia mwingine, narudi mwanzo. Ninyi wenzangu wa kikundi cha Jumanne ndio mmezidi, maana mnauliza kwa simu, na kwenye simu mimi sijui kufupisha. Basi kaeni msome. Habari za tiketi na kuomba ruhusa kwa watoto wangu nimeziruka, hazina utamu wowote.

Kwa atakayeazimwa karatasi hizi na hatujui: sisi ni watu wazima tunaokutana kila Jumanne kusoma barua ambazo mitume waliwaandikia Wakristo wa kwanza. Tunazisoma kama barua. Mmoja anasimama, anaisoma nzima kwa sauti tangu salamu mpaka kwaheri, wengine tunasikiliza mikono mitupu, kisha ndipo tunaulizana. Mwaka huu tumekuwa kwenye zile mbili fupi zilizopelekwa kwa kundi changa la Makedonia, watu waliomngoja Bwana kwa hamu hata wengine wakaacha kazi zao, na wengine wakawalilia marehemu wao wakidhani wameachwa nyuma. Rafiki yangu Sekela, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, sasa mstaafu kwao Lupepo, wilaya ya Rungwe, alisikia habari zetu akanipigia. "Joyce, njoo utuonyeshe kusoma hivyo. Siku tatu tu." Mimi mtu wa miaka sitini na tatu, sijawahi kupita Iringa. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Muheza hadi Morogoro

Mtu wa Muheza haendi ugenini bila machungwa, kwa hiyo nilibeba kiroba kizima. Kondakta akakishika sikio, akakipima kwa mkono, akaniangalia.

"Mama, huu mzigo."

"Huu si mzigo, mwanangu. Hizi ni salamu."

"Salamu zina kilo ngapi?"

Abiria wakacheka, nami nikatoa machungwa mawili, la kwake na la dereva, mjadala ukaisha. Njia nzima mpaka Segera nilikuwa nachungulia dirishani kama sijawahi kuona mkonge. Mtu akiwa na furaha hata mkonge unampendeza. Morogoro nililala kwa mdogo wangu, aliyenipikia pilau na kunionya juu ya baridi ya Mbeya mara nyingi hata nikaanza kuisikia pale pale kwenye joto.

Morogoro hadi Uyole

Hapa ndipo nilipogeuka nabii bila kutaka. Nilikuwa na daftari langu la maelezo, na juu yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu nene, kwa sababu ya macho yangu: SIKU ZA MWISHO. Nililiweka mapajani. Jirani yangu kitini alikuwa mkulima wa vitunguu wa Ilula, mtu mpole mwenye kofia ya sufu. Alilisoma lile daftari, akanisogelea kidogo, kisha akafikiri, akasogea mbali.

Tulipofika mlima Kitonga, lori lililokuwa mbele yetu likazima katikati ya kona likaziba barabara nzima. Basi letu likasimama, na nyuma yetu magari mengine mpaka jicho lisikofika. Saa moja ikapita, ya pili ikaingia. Watu wakashuka kunyoosha miguu. Mimi nikakaa juu ya jiwe, nikafungua daftari langu nipitie maelezo, maana muda ulikuwepo. Nilipoinua kichwa, nilikuta watu sita wamenizunguka wamenyamaza.

"Mama," mwanamke mmoja akauliza, "ulijua kwamba tutakwama hapa?"

"Nijue kwa wapi?"

Wakatazamana. Kumbe yule jirani yangu alikuwa ameshatangaza kwamba kuna mama anahesabu siku za mwisho, na sasa mlima umejibu. Nilianza kueleza kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, lakini maelezo yalizidi kunitia ndani. Mwishowe yule mkulima mwenyewe akachuchumaa karibu yangu, akashusha sauti.

"Mama, naomba nikuulize la shambani. Miche yangu ya vitunguu iko tayari kitaluni. Wiki ijayo nilikuwa nihamishie shambani. Nihamishe, au haina haja?"

Nilitaka kucheka nikaona macho yake. Alikuwa anauliza kweli. Basi nikamweleza juu ya wale Wamakedonia, jinsi baadhi yao walivyoacha kazi kwa sababu Bwana yu karibu, wakawa wanazunguka nyumba za watu wakila na kusema sema. Na jinsi mtume aliyewahubiria hayo ya mwisho alivyokuwa yeye mwenyewe akifanya kazi kwa mikono usiku na mchana, asimlemee mtu, akawaambia watulie na kila mmoja ashike kazi yake.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo hamisha miche."

Alishusha pumzi ndefu, akainuka, akarudi na mahindi mawili ya kuchoma, moja langu. Lori lilipovutwa pembeni na safari kuendelea, tuliongea mpaka nikajua majina ya ng'ombe wake. Alipokuwa akishuka Ilula alipotea kidogo, na basi lilipokuwa linaanza kuondoka akanitupia dirishani fungu la vitunguu. Nikawa sasa nina machungwa na vitunguu, na bado Rungwe ilikuwa mbali. Niliingia Uyole giza likianza, nikajifungia chumba cha wageni na mablanketi matatu. Mdogo wangu alikuwa amesema kweli tupu.

Uyole hadi Tukuyu

Asubuhi nilipata gari dogo la abiria saba, nikapewa kiti cha mbele kwa heshima ya mvi. Barabara inapanda, ukungu unapanda nayo, na mashamba ya viazi yamelala pande zote. Tulipofika Isongole gurudumu likapata pancha. Dereva akasema dakika kumi. Nimefundisha miaka thelathini na nne, dakika kumi za namna ile nazijua, kwa hiyo nilienda moja kwa moja kwa mama aliyekuwa anauza chai kando ya barabara.

Nilipomsalimu, alikunja magoti akashuka chini karibu kugusa ardhi. Nilidhani ameangusha kitu. Nami, mwenye mgongo wangu huu, nikainama kumsaidia kutafuta. Tukawa wawili chini, tunaangaliana, yeye akishangaa, mimi nikipapasa nyasi. Vijana wa bodaboda waliovaa makoti mazito walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake.

"Mama, anakusalimia tu! Huku ndivyo wamama wanavyosalimia!"

Yule mama naye akacheka, akanipa viazi vya kuchemsha vinavyotoa moshi, na chumvi, na pilipili ya kusaga, na chai ya maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi ile. Jamani, kiazi! Sikujua kwamba kiazi kikiliwa karibu na shamba lake kina utamu wake mwenyewe. Nilikula vinne. Ila ningekuwa na akili ningejiuliza: kama hata salamu ya huku sikuijua, kuna mangapi mengine nisiyoyajua? Sikujiuliza. Nilikuwa na furaha mno, na furaha ilinifanya niwe mjuaji.

Tukuyu hadi Lupepo

Tukuyu ilinipokea kwa mvua. Migomba kila mahali, chai imechanwa vizuri kama nywele za mtoto wa Jumapili, na mlima Rungwe ukijitokeza na kujificha. Kijana wa bodaboda aliyetumwa na Sekela alifunga kiroba changu mbele yake.

"Mama, kaa freshi, shikilia hapa. Mvua ya huku haina noma, ni kama salamu tu, lazima uipokee."

Noma ilikuwepo. Kwenye mteremko mmoja wa utelezi pikipiki ilicheza, yeye akaishika kiume, lakini kiroba kilichanika na machungwa ya Muheza yakaanza safari yao wenyewe, yakiteremka bondeni katikati ya chai. Nilipiga kelele kama nimeibiwa. Wachumaji wa chai wakainuka, wakaacha vikapu, wakaanza kuyafuata. Waliniletea karibu yote mikononi, yakiwa yameoshwa na mvua. Nikawaambia wabaki na mengine. Walikataa kwanza, wakakubali baadaye.

Sekela alikuwa mlangoni. Hatukuwa tumeonana tangu harusi ya bintiye. Tulikumbatiana tukazunguka kama wasichana wa bweni, kisha akaniketisha mbele ya sahani ya mbalaga, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama mpaka vimepatana, na maziwa mgando pembeni. Nilikula nikanyamaza, jambo ambalo Sekela alisema hajawahi kuliona.

Kosa langu

Darasa letu lilikuwa saa kumi jioni, watu wakishatoka kupima chai waliyochuma, katika chumba cha matofali ya kuchoma kando ya kanisa. Dirisha lake moja linatazama migomba. Walikuja wakulima, muuguzi wa zahanati, walimu wawili wa kutoka mikoa mingine. Benchi la mbele alikaa mzee mrefu mwenye koti la mvua na fimbo, amepakata kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa. Wakanitambulisha: Mzee Ambakisye. Macho yake yana mtoto wa jicho. Njia anaiona, watu anawaona, lakini herufi hazioni tena. Kitabu kile kilikuwa Maandiko ya Kinyakyusa, ya zamani, alichoachiwa na baba yake.

Sekela alikuwa nyuma anaandaa chai. Laiti angekuwa mle ndani.

Nilieleza utaratibu wetu kwa furaha zote, kisha nikasema kwa kuwa wazee wengi wanasikia Kinyakyusa kuliko Kiswahili, barua isomwe kwa Kinyakyusa. Nani anakisoma vizuri? Vijana wakacheka, wakasema wao wanakiongea, kukisoma kunawashinda. Kisha wote, kana kwamba wameambizana, wakaonyesha kwa kidevu upande wa dirisha. Nje, chini ya ukingo wa paa, mwanamke alikuwa ameketi juu ya kigoda karibu na migomba, khanga imefunika kichwa, ameupa ukuta mgongo.

Nikajisemea, huyu ama ana haya, ama kanisa limemtenga, na mimi sivumilii mtu kutengwa. Kuuliza si ujinga, ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Mimi sikuuliza. Nilitoka, nikamshika mkono, nikamvuta. Alikuwa ananong'ona, "Hapana, Mwalimu, hapana," nami nikawa nasema, "Usiogope, mwanangu, njoo." Nikamwingiza ndani, nikamsimamisha mbele ya benchi la kwanza, hatua moja kutoka kwa Mzee Ambakisye.

Chumba kizima kilivuta pumzi. Yule mwanamke alianguka magotini akajifunika khanga mwili mzima. Mzee alisimama ghafla, akageuza uso ukutani, akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka mlangoni, akatoka kwenye mvua. Fimbo yake ilibaki pale chini.

Sekela akaingia na birika. Akatazama sakafuni, akanitazama mimi.

"Joyce," akasema polepole, "umemleta mkwe mbele ya baba mkwe?"

Jioni ile aliniweka jikoni akanieleza yote. Kwao, mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba wa mumewe, hamwangalii, hazungumzi naye, akimwona njiani anaiacha njia. Ni heshima, na inawafunga wote wawili. Vijana wengi siku hizi wameiacha, lakini Atuganile, ndiye yule mwanamke, ameishika, na mzee ameishika zaidi.

Nikajitetea, mjinga mimi. Kesho yake asubuhi, nilipokwenda kumwomba Atuganile radhi, nilimwambia, "Lakini mwanangu, yule mzee macho yake mabovu, pengine hata hakukutambua."

"Ya kwangu ni mazima, Mwalimu," akanijibu.

Nikaanza kuomba radhi upya.

Lakini lililoniuma lilikuwa jingine. Gwamaka, mume wa Atuganile, mtoto pekee wa kiume wa mzee, alifariki msimu wa mvua uliopita. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake kile kitabu kila jioni. Msibani mhubiri mmoja mpita njia alisema Bwana yu karibu na heri watakaokutwa hai. Mzee akaenda nalo nyumbani neno lile: na aliyekwisha kuzikwa je? Amekuwa akimwuliza kila mtu. Gwamaka alikuwa amewahi kumwambia kuna barua inayosema habari hiyo hiyo, wataisoma kazi ya chai ikipungua. Haikupungua upesi vya kutosha. Mzee alikuwa amekuja darasani kwangu kusikia barua ile tu, kwa lugha yake, kutoka kwenye kitabu chake. Mimi nikamfukuza hata salamu ya kwanza haijasomwa. Na keshokutwa yake asubuhi nilikuwa naondoka.

Kwa Mzee Ambakisye

Nilimfuata kwake na fimbo yake mkononi na machungwa kwenye khanga. Nyumba yake iko bondeni, chini ya ile barabara ya utelezi. Nilimkuta akiegemeza mti wa panda kwenye mgomba uliolemewa na mkungu wake, anapapasa shina kwa mkono. Nilikunja magoti kama yule mama wa Isongole. Nilikwama huko chini, ikabidi anisaidie kuinuka, na hapo tukaanza kuongea vizuri.

"Nimekuletea machungwa, baba. Na fimbo. Na aibu yangu."

"Chungwa moja lilitangulia," akasema. "Lilikuja lenyewe mpaka mlangoni. Nikasema, huyu mgeni analusha matunda kabla ya kufika?"

Alicheka yeye kwanza, mimi nikamfuata. Kisha nikaomba radhi kwa maneno yote niliyokuwa nayo, nikamwambia nitamsomea barua mwenyewe, kwa Kiswahili, pale pale.

Akatikisa kichwa. "Asante, mama. Kiswahili mimi naongea na selikali, naongea na mnunuzi wa chai. Hilo neno nataka linikute kwa lugha tuliyomzika nayo."

Akakaa juu ya gogo, nami nikakaa. Akaniambia jinsi Gwamaka alivyokuwa akisoma pale barazani, kiti chake pale, cha baba pale. "Na mke wake yuko nyuma, jikoni. Anapika, anasikia. Kumbe alikuwa anajifunza kusoma. Mimi sikujua mpaka mwanangu aliponiambia."

Nikamgeukia. "Baba, ngoja. Alikuwa anasikia kupitia ukutani?"

"Ee. Ukutani."

"Na hilo halikuvunja heshima?"

"Litavunja nini? Ukuta si upo?"

Niliruka kutoka kwenye gogo. Mzee akashtuka. Nikamweleza: yeye ndani, Atuganile nje pale pale alipochagua mwenyewe kukaa, dirisha katikati, na asomaye awe ni huyo mkwe wake. Alichukua fimbo yake, akawa anachora chora nayo udongoni. Nilikaribia kuongeza maneno, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nikajizuia.

"Hata walioandikiwa," akasema mwisho, "siku ile ikisomwa, yule aliyeandika hawakumwona. Walisikia sauti tu."

"Kabisa, baba! Na anasema humo ndani alitamani mno kuona nyuso zao akazuiwa!"

"Kamwulize," akasema. "Asilazimishwe."

Nilipanda kile kilima kwa pumzi za msichana. Atuganile alikuwa anachuma chai. Alinisikiliza bila kuacha kuchuma, majani yakienda kapuni. Akauliza jambo moja tu: kitabu kitamfikiaje? Hawezi kupokea kitu kutoka mkononi mwa mkwe wake.

"Yeye ataweka juu ya kigoda, ataondoka. Mimi nitachukua, nitaweka juu ya kigoda kingine, nitaondoka. Wewe utachukua."

Akatabasamu kidogo. "Mwalimu, umri huo umekuwa tarishi?"

Nikamwambia barua zile zenyewe zilifika kwa miguu ya watu, na sikuona kazi bora zaidi ya hiyo.

Mvua

Jioni ya tatu, ya mwisho kwangu, chumba kilijaa hadi mlangoni. Habari zilikuwa zimetembea. Nilibeba kitabu kutoka kigoda hadi kigoda kwa mikono miwili kama mayai. Atuganile akakaa nje chini ya ukingo wa paa, mgongo dirishani. Ndani, Mzee Ambakisye akakaa na mgongo wake dirishani vile vile. Atuganile akafungua kinywa kusoma, na mvua ikaanguka.

Mnaijua mvua juu ya bati. Hamuijui ya Rungwe. Tuliona midomo ya watu ikisogea bila sauti. Tulikaa. Nusu saa. Saa nzima. Mwanga ulianza kupungua, na mimi nilikuwa namlaumu Mungu waziwazi, nikimwuliza kama yuko upande wetu au vipi. Hakuna aliyeondoka. Muuguzi alivua sweta lake akampitishia Atuganile dirishani.

Kisha ikapungua, ikabaki matone ya migombani, na sauti ikaingia. Sijui Kinyakyusa zaidi ya "ndaga fijo" ya kushukuru, lakini barua ile naijua kwa moyo, kwa hiyo nilitembea nayo. Nilisikia salamu. Nilisikia shukrani kwa imani yao. Wazee walikuwa wanaitikia taratibu kooni, kama mtu anayeongeleshwa yeye mwenyewe. Ikaja pale pa kazi za mikono, wakulima wakatikisa vichwa, nami nikamkumbuka mtu wangu wa vitunguu. Ikaja pale penyewe, kwamba tusihuzunike kama wasio na tumaini, kwamba tutakaokutwa hai hatutawatangulia waliolala, wao ndio watakaofufuka kwanza.

Hapo Atuganile aligeuza ukurasa.

Nilimwona Mzee Ambakisye ameinamisha kichwa. Akasema neno kwa Kinyakyusa, na Sekela akaninong'onezea: "Anasema, mwambieni anayesoma arudie." Muuguzi akachungulia dirishani akamwambia. Atuganile akarudia. "Mwambieni arudie tena." Akaanza kurudia, na katikati sauti ikakatika, tukamsikia analia, kilio cha mke, maana sisi sote tulikuwa tumemfikiria baba na kusahau kwamba yule aliyelala alikuwa mume wa mtu.

Mzee alikaa vile vile, hakugeuka. Kisha akasema, safari hii hakumwambia mtu amwambie:

"Pumzika kidogo, mwanangu. Mvua nayo imepumzika."

Sekela alinitafsiria, mkono wake juu ya wangu. Miaka kumi na moja Atuganile ameolewa katika nyumba ile, na hilo ndilo neno la kwanza mzee kumpa yeye mwenyewe. Nje Atuganile akapenga kamasi, akarudia mara ya tatu, akaendelea mpaka kwaheri ya mwisho. Nililia bila kujificha, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Vyote viwili kwa pamoja.

Njia ya kurudi

Asubuhi Atuganile alinisindikiza barabarani, kichwani amebeba mkungu wa ndizi niliopewa. Njia yenyewe ni nyembamba, chai imeibana pande zote mbili. Nilikuwa naongea kwa sauti kama kawaida yangu, na nadhani hiyo ndiyo iliyotusaliti, maana kwenye kona, akitokea upande wa pili na fimbo yake, alikuwa Mzee Ambakisye.

Atuganile akaanza kushusha mkungu ili aiache njia, kama ambavyo ameiacha maisha yake yote ya ndoa. Lakini mzee alikuwa ameshatutangulia. Aliingia yeye ndani ya chai iliyolowa mpaka kiunoni, akavua kofia, akatupa mgongo, akautazama mlima. Njia nzima akatuachia.

Atuganile alisimama pale. Kisha, macho mbele, akaniambia mimi, kwa sauti ambayo hata Tukuyu wangeisikia:

"Mwalimu, mwambie baba, leo saa kumi tunasoma ile ya pili."

Mzee alikuwa hatua nne kutoka kwetu. Nikamgeukia, nikafikisha ujumbe wangu wa mwisho wa utarishi.

"Mzee Ambakisye, leo saa kumi mnasoma ile ya pili."

"Nimesikia," akajibu, akiwa bado anautazama mlima. "Mwambie nitawahi, nikae kalibu na dilisha."

Nikamwambia.